Vidole havikunji asubuhi, magoti yanalia: yaliyonikuta na viungo wakati hedhi inakoma

Dada mleta mada, nimekusoma mara mbili. Una miaka 48, hedhi inaruka miezi miwili mitatu kisha inarudi, asubuhi vidole havikunji, magoti yanalia kwenye ngazi, na kila unayemweleza anakujibu kwamba huo ni uzee. Umesema una miadi ya daktari, na umeuliza kama kweli homoni zinaweza kuumiza viungo, kitu gani kinasaidia, na mateso haya yataisha lini. Mimi si daktari. Nina miaka 55, hedhi yangu ilikoma nikiwa na 51, na kwa karibu miaka minne viungo vilinifanya nijione bibi kizee. Nakupa yangu, uchukue yanayokufaa.

Kwangu ilianza na kifuniko cha chupa. Nilikuwa na 47. Nikakishika, nikazungusha, kidole gumba kikaachia kabla ya kifuniko. Nikacheka, nikampa mwanangu afungue. Wiki kadhaa baadaye kukamua nguo kukawa kazi, kisha kufunga vifungo vya shati, kisha nikawa naamka ngumi haifungi: vidole vimenenepa, vimekakamaa, pete haizunguki. Baada ya nusu saa vinalegea, nasahau, kesho yale yale. Magoti yakafuata. Halafu nyonga ya kulia, ile sehemu ya nje ya paja, ikaninyima kulalia ubavu huo. Bega la kushoto ndilo lililonitoa machozi, nitalieleza peke yake.

Kioja ni kwamba sikuhusisha na hedhi hata kidogo. Nilichojua mimi, kukoma hedhi ni joto la ghafla na hasira za bure. Maumivu ya viungo nililaumu godoro. Nikabadilisha godoro.

Sasa swali lako la kwanza. Ndiyo, homoni zinahusika. Tumezoea kudhani estrojeni, ile homoni ya kike, ni ya kizazi tu, kumbe vipokezi vyake vimo kwenye mifupa, kwenye gegedu linalofunika ncha za mifupa, kwenye ule utando unaotoa ute wa maungio, kwenye kano na kwenye misuli. Ikiwepo ya kutosha husaidia kutuliza uvimbe. Ikianza kupanda na kushuka ovyo, na baadaye ikapungua moja kwa moja, maeneo yote hayo yanahisi. Kilichoniondolea shaka ni habari ya wanawake wanaopewa dawa za kuzima utengenezaji wa estrojeni baada ya saratani ya matiti. Moja ya malalamiko yao makubwa ni viungo kuuma na kukakamaa, hadi wengine hushindwa kuendelea na dawa. Mwaka 2024 kundi la madaktari liliandika likipendekeza dalili hizi zote za misuli na mifupa zipewe jina moja linalozihusisha na ukomo wa hedhi, wakikadiria kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wanawake huzipata. Kwa hiyo huzushi, na hauko peke yako.

Lakini usitupie kila kitu kwenye kapu la homoni. Hapa ndipo nataka unisikilize, kwa sababu umri huu huu ndio magonjwa mengine ya viungo hupenda kuanza. Baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia maungio yako yenyewe, huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume na mara nyingi huanza umri wa kati. Ile ukichelewa kuitibu inakula maungio na hayarudi. Tezi ya shingo ikilegea nayo huleta uchovu, misuli kuuma na mwili kukakamaa. Hata jongo, ambalo watu hulihesabu kuwa ugonjwa wa wanaume, huongezeka kwetu baada ya hedhi kukoma, kwa kuwa estrojeni ilikuwa inasaidia figo kutoa asidi ya yuriki, ambayo ikijaa ndiyo huleta jongo.

Daktari wa kwanza niliyemwona hakunigusa. Aliniuliza umri, nikamwambia, akaandika vidonge vya maumivu. Wa pili alinishika mkono kama mtu anayesalimia, akabana vifundo vyote vinne kwa pamoja, pale vidole vinapoungana na kiganja, akaniangalia usoni. Akauliza asubuhi ukakamavu unadumu muda gani. Nusu saa au pungufu ni jambo moja. Saa nzima na zaidi, mikono yote miwili, na vifundo vimevimba laini kama vina maji ndani, ni jambo jingine. Akanipima damu: viashiria vya uvimbe mwilini, vya baridi yabisi, tezi, vitamini D, sukari, asidi ya yuriki. Baridi yabisi sikuwa nayo. Vitamini D ilikuwa chini, na sukari ilikuwa imeanza kupanda bila mimi kujua. Hiyo sukari, kumbe, ilikuwa na uhusiano na bega.

Bega lenyewe lilianza na sidiria. Siku moja mkono wa kushoto ukagoma kufika mgongoni. Nikawa nafungia kifuani halafu naizungusha. Baada ya mwezi hata kuvaa blauzi ilibidi nianze na mkono mbovu, nivute kitambaa kama namvisha mtoto aliyelala. Usiku ukiligeukia, unaamka unapiga kelele. Wanaliita bega lililoganda: mfuko unaolizunguka ungio unavimba kisha unakaza. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kwa wingi, na wenye kisukari au matatizo ya tezi ndio hasa. Tofauti yake na maumivu mengine ya bega ni kwamba hata mtu mwingine akikuinulia mkono hauendi. Nilichomwa sindano moja ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndani ya ungio, wakanionya kwamba sukari ingepanda kwa siku kadhaa, na kweli ilipanda. Maumivu ya usiku yalipungua ndani ya wiki mbili. Kulifungua bega lenyewe kulichukua mwaka na nusu wa mazoezi madogo madogo na uvumilivu ambao sina. Kama una dalili hizo, nenda mapema, maana sindano husaidia zaidi mwanzoni, kabla halijaganda kabisa.

Nini kilinisaidia kwa viungo vingine? Nguvu za misuli. Najua unasoma huku magoti yanauma na unaona nakutania. Hata mimi nilipoambiwa nifanye mazoezi nilitaka kumrushia yule mtaalamu wa viungo kiatu. Kwa miezi nilikuwa napumzisha magoti, lifti badala ya ngazi, nakaa badala ya kusimama, na kadiri nilivyopumzika ndivyo yalivyouma. Akanieleza kwamba misuli ya paja ndiyo inayobeba goti, na kwamba katika umri huu misuli inaondoka kimyakimya usipoipa kazi.

Alinianzisha na kiti. Kiti cha kawaida, kimeegemezwa ukutani kisikimbie. Kaa, kunja mikono kifuani, simama bila kujisukuma, kisha shuka polepole kwa hesabu ya nne. Siku ya kwanza nilisimama mara tano, ya sita nikaanguka kwenye kiti kama gunia. Siku tatu kwa wiki, si kila siku. Baada ya wiki sita nikawa nafanya kumi, mara tatu, na pumziko katikati. Baadaye nikaongeza kushika uzito mikononi, kuinua visigino nikiwa nimeshika meza, na kusukuma ukuta. Kuruka sikugusa mwaka mzima wa kwanza.

Nilikosea njiani. Mwezi wa tatu nikajiona mzima, nikaenda kutembea mwendo wa saa mbili kwenye kilima. Goti la kulia likavimba, wiki mbili nachechemea, na nikawa tayari kuacha kila kitu. Kanuni niliyopewa baada ya hapo ndiyo naitumia hadi leo: maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika, lakini yakiwa bado yamezidi kesho yake asubuhi, umepita kiasi, punguza kwa nusu. Usiache. Punguza.

Uzito nao tuuseme japo unaudhi, kwa sababu kila tatizo la mwanamke huishia hapo. Ule wa umri huu huja hata usipobadilisha chochote, na kiuno ndicho kinachojaza. Ila kwa magoti hesabu yake inatia moyo: watafiti walipima watu wazima wanene wenye magoti yaliyochakaa wakaona kila kilo 1 iliyopungua hulitua goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Nilipunguza kilo 5 tu, tena kwa mwaka mzima, na ngazi zilijua.

Mikono ilitaka matunzo ya aina nyingine. Nikiamka naiweka kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, ndani ya maji nafunga na kufungua ngumi polepole. Vishikio vyembamba vinaumiza, hivyo kila ninachoshika sana, kalamu mpaka kisu, nimekizungushia kitambaa kikawa kinene. Pete niliivua. Usisubiri hadi ikatwe.

Dawa za maumivu: nilianza vibaya, na vidonge vya ibuprofeni kila siku kwa miezi miwili, hadi tumbo likaniwakia na presha ikapanda. Vidonge vya kundi hilo vinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, hasa ukivizoea. Jeli ya diklofenaki ya kupaka kwenye vidole na magoti ilinitosha siku nyingi, na kidogo sana huingia kwenye damu. Kuhusu glukosamini na virutubisho vingine vya viungo, nilimeza miezi minne sikuona tofauti, na tafiti zake hazinishawishi. Lakini kuwa macho kabisa na zile chupa za "dawa ya asili ya viungo" zinazoponya kwa siku tatu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu bidhaa za namna hiyo zilizokutwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki ndani bila kuandikwa popote. Kinachokuponya siku ya tatu ni steroidi, na steroidi ya muda mrefu inapandisha sukari na kula mifupa. Kama umeshaitumia kwa wiki nyingi, usiikate ghafla bila daktari, mwili unaweza kuzimia.

Na mifupa, tukiitaja: yenyewe haiumi inapopungua. Mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa ndani ya miaka 5 hadi 7 baada ya hedhi kukoma, na hajui mpaka avunjike kifundo cha mkono kwa kuteleza. Uzito unaobeba kwenye mazoezi unaisaidia nayo pia. Sababu nyingine ya kutolitupa lile zoezi la kiti.

Homoni za kurudishia. Natumia plasta ya estrojeni ya kubandika kwenye ngozi, pamoja na projesteroni kwa kuwa mfuko wa uzazi bado ninao, maana estrojeni peke yake inaweza kuleta saratani kwenye ukuta wake. Sikupewa kwa ajili ya viungo. Nilipewa kwa sababu ya joto la usiku, nilikuwa naamka mara nne nimelowa. Usingizi uliporudi, maumivu yakapungua kama theluthi moja hivi kwa makadirio yangu, na sijui niishukuru estrojeni au usingizi, kwa sababu mtu asiyelala kila kitu kinamuuma. Ule utafiti mkubwa wa Marekani uliotisha watu mwaka 2002 kuhusu homoni ulionyesha pia kwamba waliozitumia walikuwa na nafuu ya viungo, ila nafuu ndogo. Usiende ukitegemea muujiza. Mazungumzo na daktari yawe wazi: historia ya saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mishipa, kutokwa damu kusikoeleweka. Kwa kawaida uwiano wa faida na hatari ni mzuri zaidi ukianza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi kukoma, na wewe bado uko ndani ya muda huo.

Itaisha lini? Kwangu kipindi kibaya kabisa kilikuwa kati ya 48 na 52, hedhi ikiwa inayumba na mwaka mmoja baada ya kukoma. Leo magoti yananipeleka ghorofa ya nne. Vidole vya asubuhi vinahitaji dakika tano, na kidole gumba cha kulia kimebaki na uvimbe mgumu kwenye shina, huo ni uchakavu na sidhani utaondoka. Nyonga hunikumbusha nikikaa sana.

Jambo moja la mwisho kuhusu hiyo miadi yako. Usikubali ya saa nane mchana. Mimi nilifika kwa yule wa kwanza vidole vimeshalegea, ngumi inafunga vizuri, nikaonekana mwongo. Omba ya asubuhi na mapema, na kama haipatikani, kesho ukiamka tu piga picha mikono yote miwili ukijaribu kufunga ngumi, kisha piga nyingine kila baada ya dakika 15 mpaka ifunge. Saa inayoonekana kwenye picha itamjibu daktari lile swali la muda vizuri kuliko utakavyokumbuka wewe.