Re: Spika za sebuleni kwa mtu wa rock

Mkuu, umeuliza kama spika ndogo za wufa (ile koni ya sauti za besi) ya inchi 4 zitatosha kwa rock na ampu (amplifaya) yako ya wati 50. Zitaimba, ila lile teke la dramu kifuani hulipati. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi unapiga kama hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), sasa wufa ya inchi 4 haisukumi hewa ya kutosha huko chini hata ufanyeje, tafuta inchi 6.5 kwenda juu, ukipata 8 ndo raha kabisa.

Halafu usihangaike na wati zilizoandikwa nyuma ya spika, angalia sensitiviti, yaani spika inatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi kwa wati moja!! Kila ikipungua desibeli 3 unahitaji wati mara mbili kupata sauti ileile, yaani spika ya desibeli 84 inataka wati 80 kufika pale ambapo ya 93 inafika kwa wati 10 tu. Ndo maana watu wa rock wengi wanapenda spika za Klipsch zenye honi (mdomo kama wa tarumbeta unaosukuma sauti mbele), au JBL, mi binafsi naipenda sana JBL L100 ya mwaka 1970, wufa inchi 12, ilitokana na monita (spika ya kusikilizia kazi studio) ya JBL iitwayo 4310, gitaa linakuja mbele kabisa.

Ila honi kwenye chumba cha vigae kisicho na zulia zinachoma masikio, kwahiyo weka zulia na mapazia mazito kwanza, na usizibane ukutani besi itavuma hovyo. Dukani nenda na nyimbo zako mwenyewe, na uzisikilize kwa sauti uliyozoea nyumbani.