Bendi nzima gari moja, nani anaendesha baada ya shoo?

SWALI: Habari dada. Bendi yetu tupo watano, tumekodi lile gari lenye vitanda na jiko ndani, motohomu, tunazunguka kupiga shoo karibu mwezi mzima. Dereva ni mpiga besi peke yake na anasema shoo ikiisha tunaondoka usiku uleule. Mimi roho inakataa ila nikiongea naambiwa muoga. Halafu vyombo vya muziki tuvipange wapi?

JIBU: Mdogo wangu, we si muoga, na usinyamaze. Hebu piga hesabu ya siku ya huyo mpiga besi, kaamka saa moja asubuhi, kaendesha, kabeba spika, kafanya saundi cheki, kapiga hadi saa sita usiku, hapo ana masaa 17 yuko macho. Watafiti walishapima hilo, mtu akifika hapo uwezo wake unashuka kama wa mtu mwenye kilevi asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi tayari ni kosa kushika usukani, na hajaonja hata tone! Ulaya madereva wa malori na mabasi wakiendesha masaa 4 na nusu sheria inawataka wapumzike dakika 45, na wale hawajatoka kwenye steji.

Kwahiyo laleni palepale, si ndo maana mmekodi gari lenye vitanda, muondoke asubuhi. Tafuteni dereva wa pili kabla ya safari na jina lake liandikwe kwenye mkataba wa kukodi, maana asiyeandikwa akipata ajali bima inaweza isilipe.

Ila mzizi wa yote ni ratiba jamani. Buddy Holly, mwanamuziki wa roki wa Marekani, mwaka 1959 alikuwa kwenye ziara iliyopangwa hovyo, basi linaenda mbele linarudi nyuma kwenye baridi kali ya Marekani, hita ikafa, mpiga dramu akalazwa hospitali baridi imemla miguu. Buddy akaona bora akodi ndege ndogo awahi mbele apumzike, ikaanguka usiku wa tarehe 3 Februari, wote wanne waliokuwemo wakafa. Watu wanaikumbuka ndege, mi kinachoniuma ni ile ratiba. Kaeni na meneja na ramani mezani, miji ifuatane, na shoo ya mbali iachwe hata kama hela ni nzuri.

Vyombo sasa. Vizito vyote chini, karibu na ekseli, ile nondo ya magurudumu, vifungwe mikanda, usiweke ampu, lile boksi la kukuzia sauti, kitanda cha juu, breki moja tu inamshukia mtu kichwani. Na angalieni uzito, lita moja ya maji ni kilo moja, tenki la lita 100 likijaa ni kilo 100 kabla hujapakia dramu, pitisheni gari kwenye mzani likiwa limejaa watu na kila kitu, mkizidisha uzito, tairi ndo zinaumia. Gita msiliache kwenye gari lililofungwa juani, gundi inalegea.

Na hili nakuomba sana, msilale jiko la gesi linawaka eti linapasha joto, wala jenereta inanguruma chini ya dirisha. Vinatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, mtu analala haamki. Kengele ya kuwashtua gesi hiyo ikiwepo ijaribuni kabla hamjalichukua gari.

SWALI: Mimi ni muimbaji, tukifika sauti imeshakwama. Na nani amwage tenki la choo?

JIBU: Sauti unaimaliza njiani, kupiga stori juu ya mngurumo wa injini masaa yote hayo ni kupiga kelele bila kujua. Kaa kimya, kunywa maji, na sigara marufuku ndani ya gari, hapo usibembeleze mtu. Tenki la choo ni zamu, wote, hata wewe muimbaji, na mnamwaga sehemu zilizotengwa tu, kwa glavu.