Gemu na filamu mpya zisizo za yale yale

Mkuu, umeuliza kuna gemu na filamu gani mpya za mtu aliyechoshwa na mwendelezo usioisha. Gemu, anza na Clair Obscur: Expedition 33 ya 2025, kazi ya studio ya Ufaransa iitwayo Sandfall Interactive. Kila mwaka kiumbe wa ajabu huchora kwenye mnara mkubwa namba inayozidi kupungua, na waliofikia umri wa namba hiyo wanatoweka. Wewe unaongoza kikosi kinachokwenda kumkomesha. Mapigano ni ya zamu kwa zamu, lakini zamu ya adui si ya kupumzika: unatakiwa ubonyeze kukwepa au kukinga pigo kwa wakati wake hasa. Ukipatia kukinga mapigo yake yote, unamrudishia palepale, na hapo utamu wake hausemeki! Ikikushinda, shusha kiwango cha ugumu, hadithi yake ni nzuri mno kuiacha njiani.

Filamu, tafuta Flow ya 2024, ya Gints Zilbalodis wa Latvia. Paka na wanyama wenzake wanakimbia mafuriko kwa mashua, na hakuna neno hata moja linalosemwa. Imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure kabisa, na ikabeba Oscar ya filamu bora ya katuni 2025. Usiitazame kwenye simu, maji yale yanataka skrini kubwa.