Bunduki nyepesi ya kuwindia: punguza urefu kabla ya unene

Mpwa wangu ni mtu wa Tanga, raia wa huko, na ana leseni yake ya kuwinda. Mwezi uliopita alikuja Malindi kututazama. Baada ya "shikamoo mjomba", kahawa haijapoa, akanipa simu nitazame picha za mitutu mitatu: mmoja mnene, mmoja wa kadiri, na wa tatu mwembamba sana. "Mjomba, nataka bunduki fupi, nyepesi, ya kupanda nayo vilima. Huu mwembamba ndio mwepesi kuliko yote. Niuchukue?" Nikamwambia asiuchukue. Tukazungumza mpaka adhana ya alasiri, na mengi ya tuliyozungumza nayaandika hapa kwa faida ya wengine.

Nieleweke kwamba nazungumzia Tanzania. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Mimi nilivuka mpaka kutafuta riziki, nikafanya kazi kwenye kambi za uwindaji miaka 11, kwanza nikisafisha bunduki, baadaye nikizibeba. Bunduki ya kilo nne na nusu ukiibeba tangu alfajiri hadi jua la utosi, bega linakuuma hata usiku ukilala. Anayetaka bunduki nyepesi ana haki yake. Swali ni uzito huo autoe wapi.

Ukipita Matondoni, kule Lamu, utazame mafundi wakichonga mlingoti. Chini unaachwa mnene, na kadiri unavyopanda unapunguzwa, kwa sababu nguvu yote ya upepo inaishia pale chini. Mtutu nao ni hivyo hivyo. Baruti inapowaka, msukumo mkubwa kabisa uko nyuma, kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, na unapungua kadiri risasi inavyokwenda mbele. Unene wa nyuma haujadiliwi. Mafundi wanachotofautiana ni namna ya kuupunguza mtutu kuelekea mdomoni, na hapo ndipo mnunuzi anapopotezwa na neno "mwepesi".

Chukua bunduki ya kaliba ya .308; kaliba ni upana wa tundu la mtutu, kwa sehemu za inchi. Mtutu wa milimita 16 mdomoni ni wa kadiri. Wa milimita 14 ndio ule mwembamba aliopendezwa nao mpwa wangu. Ukitoka 16 ukaenda 14 unaokoa kama gramu 150, uzito wa glasi ya maji isiyojaa. Lakini ugumu wa chuma dhidi ya kupinda haupungui kidogo kidogo kama uzito. Milimita mbili hizo zinakula karibu nusu ya ugumu wote wa sehemu ile ya mbele. Sasa geuza hesabu. Acha unene ulivyo, ukate urefu kutoka inchi 24 hadi inchi 20. Unaokoa gramu 100 na zaidi, na mtutu unakuwa mgumu zaidi kuliko ulivyokuwa, kwa zaidi ya nusu. Bei yake ni mwendo wa risasi: kwa kaliba hiyo unapoteza kama mita 25 hadi 30 kwa sekunde, na mlio unakuwa mkali zaidi masikioni. Kwa mtu anayepiga kongoni au pongo ndani ya mita 150, hasara hiyo mnyama haioni.

Kwa hiyo nilimwambia: punguza urefu kwanza. Unene uuguse mwisho, tena kwa woga.

Woga huo niliupata kwa kongoni mmoja. Mgeni wetu alikuja na bunduki nzuri ya kutazama, mtutu wa inchi 24, mwembamba mno. Jioni ya kwanza tukaweka karatasi mita 100. Risasi mbili za mwanzo zikagusana. Ya tatu ikapanda kulia vidole vitatu, ya nne ikaifuata, ya tano ikaenda mbali zaidi. Tukadhani darubini imelegea. Tukaikaza, tukaigeuza hadi risasi zikarudi katikati, na muda wote huo mtutu ulikuwa wa moto hata huwezi kuushika. Tukalala tumeridhika.

Asubuhi mtutu ulikuwa baridi. Kongoni alisimama ubavu, mita 120 hivi, mgeni akapiga vizuri kabisa, mkono wake haukutikisika. Risasi ikaingia chini, nyuma ya pale alipokusudia. Tulimfuata mnyama yule mpaka adhuhuri. Damu ilikuwa tone moja kwenye jani, kisha hatua arobaini hakuna kitu, kisha tone lingine limeshakauka na chungu wamelizunguka. Tulimpata amelala chini ya mti, kichwa bado kimeinuka, anatutazama. Sijapata kuisahau ile sura.

Chuma kikipata moto hutanuka, na kama ndani yake kuna mkazo uliobaki tangu kiwandani, hutanuka upande mmoja kuliko mwingine, mdomo ukageuka. Mtutu mnene una chuma kingi, unachelewa kupata moto. Mwembamba unafika huko kwa risasi tatu. Mwindaji anaihitaji zaidi risasi ya kwanza, ya mtutu baridi, na hiyo ndiyo ya kupimia darubini. Ukipiga mbili, weka bunduki kivulini, unywe chai, usubiri.

Kuna na jambo la mkono. Bunduki iliyo nyepesi mno mbele inayumba ukishika kwa kusimama, hasa ukiwa unahema baada ya kupanda. Uzito kidogo kule mdomoni unaituliza.

Ile mitutu iliyochimbwa mifereji nje haina ubaya, kwa sharti uilinganishe sawasawa. Ikiwa na uzito sawa na mtutu wa mviringo mtupu, ya mifereji ni migumu zaidi, kwa sababu imeanza na unene mkubwa. Ikiwa na unene sawa, ni dhaifu zaidi kidogo, maana chuma kimetolewa. Ni ufundi ghali, basi.

Tena umbo moja halifai kaliba zote. Mtutu wa milimita 15 kwa nje ukitobolewa kwa .243, ukuta wake unabaki na milimita 4.4. Ukitobolewa kwa .375, bunduki ya nyati, unabaki na 2.75 tu. Anayekuuzia "umbo jepesi" muulize kwanza tundu lake.

Sisi wa mwambao, Malindi na Tanga sawa, tuna adui wa ziada. Wakati wa masika milango ya mbao inagoma kufunga, na mbao ya bunduki nayo inavimba vivyo hivyo, ikausukuma mtutu pembeni. Mtutu mwembamba unasukumika upesi. Hakikisha kwanza bunduki haina risasi, kisha chukua noti, ipitishe kati ya mtutu na mbao kutoka mdomoni kurudi nyuma. Ikikwama kabla ya kukaribia chemba, mpelekee fundi mwenye leseni. Na usidanganyike na chuma kisichoshika kutu: hewa ya chumvi inakishika, polepole tu. Mimi nilikuwa napangusa kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni, ndani na nje, hata siku ambayo haikupigwa risasi.

Mpwa wangu amechagua ule wa kadiri, inchi 20, milimita 16 mdomoni. Kabla hajapanda basi la kurudi nilimpa kazi moja: asubuhi tano, risasi moja tu kila asubuhi, mtutu baridi, karatasi ile ile, wala asiguse darubini mpaka siku ya tano. Jana, asubuhi ya tatu, kanitumia picha. Matundu matatu, yote matatu yanafunikwa na shilingi moja.