Wasomaji Wauliza: Makato ya Bima ya Afya Yamepanda au Yameshuka?

Barua tulizopokea kuhusu Bima ya Afya ya Jamii ya Kenya, SHIF, ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua tatu ambazo, zikisomwa pamoja, zinagusa takriban kila lalamiko lililotufikia.

SWALI: Mimi ni karani katika kampuni ya uchukuzi mjini Voi na mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 62,000. Zamani nilikatwa 1,300 za NHIF, bima ya afya iliyotangulia SHIF, sasa hati ya mshahara inaonyesha 1,705. Bawabu wetu, anayelipwa 18,000, ananiapia kwamba yeye makato yake yamepungua. Je, mhasibu amekosea?

JIBU: Mhasibu hajakosea, na bawabu naye amesema kweli. NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikuwa ikikata kwa ngazi. Kwa viwango vilivyotumika tangu 2015, kila kundi la mshahara lilikuwa na kiasi chake, na aliyefikisha 100,000 alilipa 1,700 na hakuongezewa hata senti moja zaidi, awe anapokea laki moja au milioni moja. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliondoa ngazi hizo, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote bila kikomo cha juu. Bawabu wenu alikuwa akitoa 600, sasa anatoa 495. Mkurugenzi anayepokea 500,000 alikuwa akitoa 1,700, sasa anatoa 13,750. Mpaka kati ya waliopunguziwa na walioongezewa unapita karibu na mshahara wa shilingi 32,700, na wewe umeangukia ng'ambo ya pili.

Hata hivyo, usisome mstari mmoja wa hati yako ukaacha mingine. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024 mchango huu unatolewa kwenye mshahara kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa, na sehemu ya juu ya mshahara wako hutozwa kodi ya asilimia 30. Kwa hiyo katika zile 1,705 unaokoa kodi ya shilingi 511 na senti 50, na gharama yako halisi inabaki 1,193.50. Enzi za NHIF ulipata nafuu ya kodi ya asilimia 15 tu ya mchango, yaani shilingi 195, na gharama halisi ilikuwa 1,105. Ukitoa moja kwenye nyingine, unakuta kwamba mfukoni mwako hazijatoka shilingi 405 zaidi kila mwezi, bali 88 na senti 50. Tumeirudia hesabu hii mara mbili kwa sababu sisi wenyewe hatukuiamini mwanzoni.

Hatusemi hayo ili kuutetea mpango mzima. Anayepokea chini ya 6,000 alikuwa akikatwa 150, na kwa kuwa sheria mpya imeweka kiwango cha chini cha 300, mchango wake umeongezeka maradufu. Wanaoisifu sheria kwamba imewajali wanyonge hulipita jambo hili kimya kimya. Tena mwajiri hachangii chochote. Katika ushuru wa nyumba mfanyakazi hutoa asilimia 1.5 na mwajiri akatoa kiasi kama hicho, lakini katika afya, ambako mwajiri ndiye wa kwanza kupata hasara mfanyakazi anapolala kitandani, mzigo wote umewekwa begani mwa anayelipwa mshahara. Kwa maoni yetu, bungeni hoja hii ilistahili kujadiliwa kwa kirefu kuliko ile ya asilimia zenyewe.

SWALI: Ni seremala mjini Nakuru. Nilijisajili kwa simu kupitia *147#, nikaulizwa maswali kuhusu paa, choo na mifugo, kisha nikaambiwa nilipe shilingi 7,320 kwa mkupuo. Kwenye karakana nina kitanda kimoja tu, kinachongoja mteja amalizie deni lake ndipo akichukue. Mbona hawapokei 610 kila mwezi kama zamani?

JIBU: Ndugu fundi, umeshika mahali penyewe panapouma. Kwa kuwa hakuna hati ya mshahara ya mtu wa juakali, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hukisia kipato chake kwa kutazama anavyoishi, ndiyo sababu ukaulizwa habari za paa. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na kwa anayepangiwa hicho ni nafuu kuliko 500 za kila mwezi alizotozwa na NHIF. Tatizo ni kwamba hutakiwa zote kwa pamoja. Waliotunga utaratibu huo walikuwa na sababu: wengi walikuwa wakilipa NHIF mtu akishaugua na kuacha akishapona, na mfuko wa namna hiyo haukai. Lakini anayepata riziki yake kwa siku hawezi kubuni akiba ya mwaka mzima kwa sababu tu sheria imemtaka awe nayo, na kwa kuwa Wakenya wengi wanaofanya kazi wako katika hali yako, si ajabu kwamba mfuko umeendelea kuwaegemea walioajiriwa.

Kwanza hakiki majibu yaliyorekodiwa, kwa maana aliyepanga nyumba akijibu kama mwenye nyumba atakisiwa utajiri asio nao. Pili, mwaka 2025 ulianzishwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao hukulipia mwaka mzima kwa mkopo kisha wewe ukarejesha kidogo kidogo. Ni deni, kwa hiyo yasome masharti kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali.

SWALI: Naishi Mombasa na mama yangu, mwenye miaka 71, yuko kijijini Kilifi. Je, anaweza kutibiwa kwa mchango wangu? Na mahakama si iliifuta sheria hii?

JIBU: Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema sheria hiyo inakiuka katiba, pamoja na mambo mengine kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, wakatoa siku 120 irekebishwe. Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufani ilisimamisha uamuzi huo, ndipo makato yakaanza Oktoba.

Kuhusu mama, mchango wako unamhudumia mwenzi wako wa ndoa na watoto wako, mzazi hahesabiwi. Msajili kwa kitambulisho chake mwenyewe. Hata kabla hajalipa mchango wowote, matibabu ya zahanati na kituo cha afya hugharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, inayotokana na kodi, mradi awe amesajiliwa. Mchango wake utahitajika atakapolazwa hospitalini, kwa hiyo usingoje siku hiyo ndipo uanze kutafuta pesa.