Kabla Hujakubali Kwamba Ni Taifodi Tena

Juma lililopita dada mmoja wa Makorora aliniandikia kwamba anaharisha tangu kabla ya Ramadhani, nguo zote zinampwaya, na kila zahanati anayoingia hutoka na dawa za taifodi. Nimeona nimjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Mimi nami nilitibiwa taifodi, kisha amiba, kisha vidonda vya tumbo, na nyumbani kwetu Ngamiani wazee walikwisha kata shauri kwamba ni chango, nikanyweshwa mwarobaini asubuhi na jioni. Vidonda vya mdomoni vilitibiwa kivyake na jipu la makalioni kivyake, wala hakuna aliyeniuliza kama yana uhusiano. Daktari mmoja, ambaye sitamtaja, alinicheka akisema ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa njia ya chakula, ambao ndio hasa ninaougua, ni wa Wazungu. Kicheko kile sijakisamehe.

Hata hivyo, ni haki kusema kwamba ugonjwa huu hauna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Hushika popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, huruka sehemu na kuziacha nzima, na hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba, palepale panapopendwa na kifua kikuu cha matumbo. Ndiyo maana nilipofanyiwa kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, Dar es Salaam, vinyama vilivyokatwa vilichunguzwa kwanza kifua kikuu kabla sijapewa steroidi za kutuliza uvimbe, kwani dawa hizo hushusha kinga na zinaweza kumwangamiza mwenye kifua kikuu. Wengine huanzishiwa dawa za kifua kikuu, kisha huchunguzwa upya kuona kama vidonda vimepona. Kusubiri huko kunachosha, lakini si uzembe.

Basi, dada yangu, ukiambiwa taifodi tena, uliza kama damu imeoteshwa maabara, kwa sababu kipimo cha Widal, kile cha damu cha kutafuta taifodi bila kuotesha, huweza kusoma hivyo hata kwa aliyeugua zamani. Majibu yote yaweke katika faili moja. Nunua daftari uandike uzito, choo cha usiku, damu, homa, na yale unayoyaonea haya pia; wagonjwa wengi huyaficha hayo, kisha humlaumu daktari. Langu nililiweka mezani kwa bingwa, naye alipokuta jipu limeandikwa chini ya vidonda vya mdomoni, aliacha kuandika cheti cha dawa, akarudi ukurasa wa kwanza kulisoma lote.