Je, Ali Baba Naye si Mwizi?

Mwezi huu nimepokea barua tatu za wasomaji kutoka pande tatu za Dar es Salaam, zote zikihusu wezi, maharamia na watoro wa msituni tunaowapenda katika ngano. Ninazijibu pamoja kwa sababu, kila nilipojaribu kuzitenganisha, jibu la moja liliingia katika jibu la nyingine.

SWALI: Kila usiku humsimulia hadithi mwanangu wa miaka minane kabla hajalala. Juzi, nilipomaliza ile ya Ali Baba na wezi arobaini, aliketi kitandani akaniuliza, "Mama, kwani Ali Baba naye si mwizi? Ile dhahabu si yake." Nilikosa jibu, nikamwambia alale. Nimweleze nini? (Mama, Tabata)

JIBU: Mama, mwanao ameona jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita mbiombio, na anastahili kujibiwa waziwazi: ndiyo, Ali Baba alichukua mali ya watu. Wezi waliwapora wasafiri njiani na kuificha mali pangoni. Ali Baba akayasikia maneno ya kufungulia mlango, "Ufuta, funguka", akaingia, akawapakia punda wake mifuko ya dhahabu na kuifunika kwa kuni. Tangu hapo hadi mwisho wa hadithi hakuna anayeuliza mifuko ile iliporwa kwa nani, wala hakuna mwenye mali anayerudishiwa chochote. Msimulizi anatusahaulisha kwa ustadi mkubwa. Kwanza anatuonyesha ufukara wa mkata kuni, kisha anatuletea kaka yake Kassim, tajiri mwenye choyo, ambaye akiwa ndani ya pango analisahau neno, anataja nafaka nyingine lakini si ufuta, mpaka wezi wanarudi, wanamkuta humo na kumkata vipande. Tukishamchukia Kassim, tumekwisha kumsamehe Ali Baba bila kujua tumemsamehe lini.

Mtu ninayemfikiria zaidi katika hadithi hii, hata hivyo, ni Morgiana, anayefanya kazi nyumbani kwa Ali Baba. Mkuu wa wezi anafika humo kulipiza kisasi, akijifanya mfanyabiashara, na nyumbu kumi na tisa waliobeba viriba thelathini na vinane vya ngozi. Kiriba kimoja kina mafuta, vilivyobaki vina watu. Usiku taa inamzimikia Morgiana, anatoka uani kuchota mafuta, na kutoka ndani ya kiriba anasikia sauti ikinong'ona kuuliza kama wakati umefika. Hapigi yowe. Anajibu, "Bado," anapita kiriba kwa kiriba akijibu hivyo hivyo, kisha anayachemsha mafuta na kuwamiminia, watu thelathini na saba. Wasimulizi wa siku hizi humwita mtumishi, kana kwamba ni binti wa kazi aliyetoka mkoani, na hulificha neno kijakazi ili watoto wasiumie. Mimi singelificha. Katika hadithi nzima inayozungukia mali ya wizi, yeye ndiye binadamu aliyehesabiwa kuwa mali, na malipo anayopewa mwishoni, kabla ya kuozwa kwa mtoto wa Ali Baba, ni uhuru wake mwenyewe. Mtoto wa miaka minane anaweza kulielewa hilo, tena vizuri.

Wala usidhani kwamba ukiibadili utakuwa umeharibu urithi wa kale. Hadithi ya Ali Baba haimo katika miswada ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela. Kijana Mkristo wa Kimaroni kutoka Aleppo, aitwaye Hanna Diyab, alimsimulia Mfaransa Antoine Galland jijini Paris mwaka 1709, naye Galland, ambaye alikuwa akitoa tafsiri yake kitabu baada ya kitabu kati ya 1704 na 1717, akaiandika upya kwa mkono wake na kuiingiza humo. Kwa hiyo tangu ilipochapwa mara ya kwanza ni hadithi iliyopita mdomoni mwa mtu na kugeuzwa, na wewe una haki ile ile kitandani pa mwanao. Ningekushauri usiku mwingine usimame mlangoni mwa pango, kabla Ali Baba hajagusa kitu, umwulize mtoto: mfuko huu wa kwanza ulikuwa wa nani? Mwache awataje wenyewe, awape majina na safari zao. Baada ya hapo Ali Baba ataichukua dhahabu, kwa maana asipoichukua hakuna hadithi, lakini ataichukua mbele ya watu.

Jambo dogo kuhusu ile arobaini. Kwetu mzazi hutoka arobaini, marehemu husomewa arobaini yake, na siku za mwizi ni arobaini. Ni idadi ya kitu kilichotimia. Ndiyo maana sikio la Mswahili, likisikia tu "wezi arobaini", limekwisha kujua kwamba mwisho wao umekaribia.

SWALI: Ninaandika hadithi ambamo Robin Hood anakuwa kijana wa Dar es Salaam anayewaibia matajiri na kuwagawia maskini. Rafiki yangu anasema ninawasifia vibaka. Je, ana haki? Na sisi hatuna mtu wetu wa namna hiyo? (Mwandishi chipukizi, Kigamboni)

JIBU: Rafiki yako ana haki nusu. Robin Hood unayemjua ametengenezwa na vizazi vingi. Anatajwa kwa mara ya kwanza katika shairi la Kiingereza la miaka ya 1370, na katika nyimbo za zamani kabisa zilizobaki yeye si mtu wa ukoo bora aliyedhulumiwa urithi, bali ni mtu wa kati, si bwana wala si mtwana. Cheo cha ukabaila alipewa na mwandishi wa tamthilia, Anthony Munday, mwaka 1598. Hata kugawia maskini, ambako leo ndiko jina lake lote, katika nyimbo hizo kumeguswa kidogo tu. Katika wimbo mmoja ulioandikwa yapata mwaka 1450, wenzake wanamkamata mtawa aliyemsaliti Robin kwa liwali wa Nottingham. Wanamuua mtawa, na pamoja naye wanamuua mtoto wa kiume aliyekuwa mtumishi wake, kwa kuogopa kwamba atasema. Mtoto huyo hayumo katika masimulizi mapya. Ukimwandika Robin wa Dar es Salaam, mtafute mtoto huyo yuko wapi katika kisa chako.

Nusu nyingine ya haki ni yako. Katika sheria ya Uingereza ya wakati ule, mtu aliyetangazwa kuwa nje ya sheria alipoteza kinga yake yote. Mali yake ilichukuliwa, na damu yake haikuwa na mdai. Alilinganishwa na mbwamwitu. Wasikilizaji walimpenda Robin kwa sababu walijua kwamba tangazo hilo lingeweza kumwangukia yeyote kati yao. Nami nimeliona tangazo hilo likitolewa bila hakimu, jioni moja kwenye kituo cha daladala Buguruni, mtu mmoja alipopiga ukelele wa "Mwizi!" na kidole kikaelekezwa kwa kijana mwenye ndala mguu mmoja tu. Mawe yalikwisha kuokotwa, na sauti nyuma yangu ilikuwa ikiuliza tairi liko wapi. Mama muuza maandazi aliliweka beseni lake chini, akasimama mbele ya kijana yule mikono ikiwa wazi, akarudia neno moja, "Mpelekeni polisi, mpelekeni polisi," hadi polisi walipofika. Sikujua wakati ule, na sijui hata leo, kama kijana alikuwa ameiba. Kama hadithi yako itawafanya wasomaji kumi wasubiri kama alivyosubiri mama yule, haitakuwa imewasifia vibaka.

Kuhusu mtu wetu, tunaye, naye ni Fumo Liyongo wa pwani ya Pate, ambaye habari zake zilitungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Ila angalia tofauti: Liyongo hakuiba kitu. Kosa lake ni kwamba sultani alimwogopa. Akiwa gerezani, mama yake alimletea mkate mzuri kila siku na askari wakaula wao, mpaka Liyongo akamtuma kijakazi Saada kwa wimbo, mama akaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Askari waliudharau mkate ule wakampa mwenyewe. Kisha aliomba ngoma ya gungu ichezwe, na katika kelele za matari na matoazi akazikereza pingu zake. Aliuawa na mwanawe, aliyehongwa kwa ahadi ya ndoa, kwa sindano ya shaba ya kitovu. Na hata akiwa maiti, alipokuwa amepiga goti kisimani na mshale wake umevutwa, mji mzima ulikosa maji kwa kuogopa kumkaribia. Soma utenzi huo kabla hujaandika mstari mwingine.

SWALI: Wanafunzi wangu wanauliza kama kweli maharamia walifukia hazina na kuchora ramani, na kama walifika bahari yetu. (Mwalimu, Kunduchi)

JIBU: Mwalimu, ramani ya hazina imeenezwa hasa na riwaya ya Robert Louis Stevenson, Treasure Island, iliyotoka kama kitabu mwaka 1883. Nahodha William Kidd, haramia aliyenyongwa London mwaka 1701, alifukia sehemu ya mali yake kwenye kisiwa karibu na New York, nayo ikafukuliwa na serikali muda mfupi baadaye. Wengi hawakuwa na cha kufukia: waliteka nguo, vyakula, kamba na matanga, na mwaka 1718 haramia Blackbeard aliuzingira mji wa Charleston, Marekani, akidai sanduku la dawa. Meli yake kubwa ilikuwa meli ya watumwa aliyoiteka.

Bahari yetu waliijua vizuri. Kidd alipita Komoro mwaka 1697, na kisiwa cha Sainte-Marie, pwani ya Madagaska, kilikuwa maskani yao. Ni upande huu wa dunia ndiko ulikofanyika uporaji uliowapa sifa kubwa kuliko wote, mwaka 1695, Mwingereza Henry Every alipoiteka meli Ganj-i-Sawai ya mfalme wa Wamughal ikirejea India. Huko Uingereza alitungiwa nyimbo na tamthilia, akaitwa mfalme wa maharamia. Meli hiyo ilikuwa imebeba mahujaji waliotoka Makka. Abiria waliteswa ili waonyeshe mali ilikofichwa, na wanawake walinajisiwa. Wasimulie wanafunzi wako kisa hicho, Mwalimu, ukianzia kwenye sitaha ya mahujaji, mtu wa kwanza alipoona tanga lisilojulikana likija upande wao.